Fizi Zinapotoka Damu: Maswali na Majibu Kutoka Kwenye Utafiti

Kila nikipiga mswaki natema mate yenye damu. Je, niache kwa siku chache mpaka fizi zipone?

Usiache, tafadhali. Fizi inatoka damu kwa sababu imevimba, na imevimba kwa sababu ya ukoga, yaani ule utando laini wa bakteria unaojikusanya pale jino linapoingia kwenye ufizi. Ukiweka mswaki kando, utando unazidi kuwa mnene na damu inazidi.

Hili si dhana. Mwaka 1965 huko Aarhus, Denmark, mtafiti wa fizi Harald Löe na wenzake walichukua watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno, wakawaomba waache kabisa kusafisha vinywa vyao. Ndani ya wiki 3 hivi wote 12 walikuwa wameshapata uvimbe wa fizi. Waliporudi kwenye usafi, fizi zikapona ndani ya takriban wiki moja. Unaweza kusema watu 12 ni wachache mno, na kweli ni wachache. Lakini uzito wa utafiti huu ni kwamba watu walewale waliugua usafi ulipoondolewa na wakapona uliporudishwa, na hakuna aliyetofautiana na wenzake.

Kwa hiyo endelea kupiga mswaki, kwa mkono mwepesi na mswaki laini, asubuhi na kabla ya kulala, ukiufikisha mpaka kwenye ukingo wa ufizi. Ikiwa damu haijapungua baada ya wiki 2 za kufanya hivyo kila siku, nenda kwa daktari wa kinywa na meno.

Baba yangu hakuwahi kwenda kwa daktari wa meno na alizeeka na meno yake. Mimi nasafisha kila siku na meno yanalegea. Inawezekanaje?

Kuna hatua mbili za ugonjwa wa fizi. Ya kwanza ni uvimbe wa fizi peke yake, nao unapona kabisa. Ya pili ni pale uvimbe unaposhuka chini na kuanza kula mfupa unaoshika jino, na mfupa ukishaliwa kwa kawaida haurudi wenyewe. Si kila mtu anayefika hatua ya pili.

Löe na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi 480 wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka kuanzia mwaka 1970 hadi 1985. Wanaume hao hawakuwa na desturi ya kupiga mswaki wala huduma ya meno. Karibu wote walikuwa na ukoga na ugaga (ukoga uliokwisha kuwa mgumu kama jiwe) mwingi, lakini hali zao zilitofautiana sana: asilimia 8 ugonjwa uliwaenda mbio, asilimia 81 ukawaenda wastani, na asilimia 11 haukuvuka uvimbe wa fizi. Inaniuma kuona kwamba watu walitazamwa miaka 15 huku meno yao yakilegea, na sidhani kamati ya maadili ya leo ingekubali utafiti wa namna hiyo. Tulichojifunza, hata hivyo, tumekipata kutoka kwao na tunapaswa kukitumia.

Kwetu Afrika Mashariki picha ilikuwa ya kufanana. Utafiti uliochapishwa mwaka 1988 ulipima watu 1,131 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 katika Wilaya ya Machakos, Kenya. Ukoga na ugaga vilikuwa vya kawaida kwa wengi, ila uharibifu mkubwa ulikuwa umejikusanya kwa watu wachache. Urithi, sigara, kisukari na kinga ya mwili vyote vina sehemu yake. Baba yako huenda alikuwa miongoni mwa wenye bahati. Wewe pengine si mmoja wao, na hilo halina maana kwamba umezembea.

Daktari alikuwa ananichoma fizi kwa kijichuma huku akitaja namba. Alikuwa anafanya nini?

Alikuwa anapima kina cha mifuko ya fizi. Kile kijichuma ni chembamba, ncha yake butu, na kina alama za milimita. Kinaingizwa taratibu kati ya jino na ufizi, sehemu 6 kwa kila jino: 3 upande wa shavu au mdomo, 3 upande wa ulimi au kaakaa. Ukisikia "mbili, tatu, mbili", tulia, hapo ni pazuri. Ukisikia "tano" au "saba", ufizi umeachana na jino na kutengeneza mfuko ambao mswaki wako haufiki chini yake. Daktari anaangalia pia kama damu inatoka baada ya kupima.

Namba hizi ndizo msingi wa utafiti wote wa matibabu. Omba uambiwe zako, ziandike, kisha zilinganishe na za safari ijayo.

Si rahisi zaidi ninunue tu metronidazoli duka la dawa?

Najua wengi wanafanya hivyo, na maumivu yanaweza kutulia kwa muda. Tatizo ni kwamba dawa hii ya kuua bakteria haiyeyushi ugaga uliogandia kwenye mzizi, na bakteria waliojificha ndani ya utando hawafikiwi vizuri na dawa. Ukimaliza vidonge, chanzo bado kipo palepale, na bakteria waliobaki wanaweza kuwa sugu.

Kinachotibu ni kusafishwa chini ya ufizi kwa mkono au kwa mashine ya mtetemo, mara nyingi kwa sindano ya ganzi. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba miezi 6 hadi 8 baada ya usafishaji huo, wastani wa mifuko 74 katika kila 100 ilikuwa imefunga. Mwongozo wa wataalamu wa Ulaya wa mwaka huohuo unasema antibayotiki za kumeza zisitolewe kwa kila mgonjwa kama desturi. Zipo hali chache zinazozihitaji, na hizo aamue daktari aliyekupima.

Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini inasaidia kwa siku chache, kwa mfano baada ya upasuaji. Ukiitumia muda mrefu meno yanabadilika rangi kuwa ya kahawia na ladha ya chakula inapotea.

Nina kisukari. Kutibu fizi kutashusha sukari yangu?

Kwa kiasi, ndiyo, ingawa tafiti hazikukubaliana tangu mwanzo. Mwaka 2013 jaribio la Marekani lenye washiriki 514 halikuona tofauti yoyote kwenye HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa takriban miezi 3 iliyopita. Wakosoaji walisema fizi za wagonjwa hao hazikuwa zimetibiwa vya kutosha, kwani ukoga na damu vilibaki vingi. Mwaka 2018 jaribio la London lenye wagonjwa 264 lilifanya matibabu ya kina kwa mwaka mzima, na kipimo hicho, ambacho husomwa kwa asilimia, kikawa chini kwa pointi 0.6 kuliko cha kundi la kulinganisha. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2022, uliounganisha tafiti 35, ulipata upungufu wa pointi 0.43 baada ya miezi 3 hadi 4.

Mimi naona ushahidi huu unatosha kila kliniki ya kisukari iulize habari za fizi. Lakini dawa zako za sukari usiziguse bila ruhusa.

Mimi ni mjamzito. Nisubiri mpaka nijifungue?

Hakuna haja. Jaribio la Marekani la mwaka 2006 lenye wanawake 823 lilionyesha kwamba kusafishwa fizi wakati wa ujauzito ni salama na fizi zinapata nafuu. Halikupunguza idadi ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati, kwa hiyo asikuahidi mtu hilo.

Navuta sigara na fizi zangu hazitoki damu hata kidogo. Niko salama?

La. Sigara hupunguza damu kwenye fizi na kuficha dalili, huku mfupa ukiendelea kuliwa. Mvutaji apimwe kwa kile kijichuma, asijipime kwa damu.

Nikishatibiwa, nimemaliza?

Mfuko uliofunga unaweza kufunguka tena. Huko Karlstad, Sweden, watafiti Axelsson na Lindhe walianza mwaka 1972 kuwafuatilia watu wazima waliofundishwa usafi na kurudi kusafishwa mara kwa mara. Baada ya miaka 30, wastani wa meno waliyopoteza haukufika 2 kwa mtu, na mengi kati ya hayo yalipotea kwa kuvunjika mizizi. Panga na daktari wako tarehe ya kurudi kabla hujatoka kitini: kila miezi 3 kama mifuko ilikuwa mirefu au una kisukari, na isizidi miezi 12 kwa yeyote.