LPG kwenye gari ni nini, na inamlipa nani

Ukiwa Dar mtu akikwambia "gari yangu inatumia gesi" unajua anaongelea CNG, yaani gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay, ile ambayo bajaji zinaipangia foleni mpaka barabarani. Nairobi mtu akisema maneno hayohayo anaweza akawa anaongelea LPG, ambayo ni ileile ya mtungi wa jikoni. Ni gesi mbili tofauti kabisa ila watu wanazichanganya kila siku, mpaka kuna jamaa mtaani kwetu aliniuliza kama anaweza kununua mtungi wa kilo 15 akaupachika kwenye buti ya Vitz yake akaendelea na maisha. Hawezi, na nitaeleza kwanini.

LPG ni mchanganyiko wa propani na butani. Hizi ukizibana kidogo tu zinageuka maji (yaani kimiminika, si maji ya kunywa), ndio maana ukitikisa mtungi wa jikoni unasikia kitu kinacheza ndani. CNG ni metheni, hiyo kwa joto letu hili hata uibane vipi haigeuki maji, kwahiyo inasukumwa mpaka bar 200 (karibu mara 200 ya presha ya hewa ya kawaida) kwenye mtungi mnene mzito. LPG inakaa chini ya presha ndogo sana ukilinganisha na hiyo, bar 10 hivi, kwahiyo tenki lake ni jepesi na linabeba safari ndefu kwenye nafasi ndogo. Hapo LPG inaishinda CNG bila ubishi.

Shemeji yangu anaendesha teksi Nairobi, Toyota Fielder, na mwaka jana mwezi wa saba nilipanda naye asubuhi baridi imekaza. Kawasha gari kwa petroli kama kawaida. Pembeni ya gia kuna kiswichi kidogo chenye vitaa vya kijani, kinapepesa tu, nikauliza mbona gesi haiingii, akasema subiri injini ipate moto. Tumetembea kama dakika mbili tatu hivi nikasikia "tik", kitaa kikatulia, basi, tulikuwa tumehamia kwenye gesi na wala huwezi kuhisi tofauti. Sababu ya kusubiri ni kwamba LPG inatoka kwenye tenki ikiwa maji, inapita kwenye kifaa cha kupunguza presha ambacho kinapashwa na maji ya moto ya rejeta, hapo ndio inageuka mvuke na kwenda kwenye injekta zake (vile vinyunyizi vya kuingiza gesi kwenye injini). Injini ikiwa ya baridi kile kifaa kinaganda.

Na hapo ndio jibu la jamaa wa Vitz lilipo. Mtungi wa jikoni ukiusimamisha unatoa mvuke kwa juu, tenki la gari linachota maji kwa chini. Pia tenki la gari lina vali inayokata likijaa 80% ili gesi ipate pa kutanukia jua likiwaka, lina vali ya kupumua presha ikizidi, na lina vali inayojifunga yenyewe ukizima gari. Mtungi wa jikoni hauna mpangilio huo. Halafu kuna wale wanaohamisha gesi toka mtungi mmoja kwenda mwingine uchochoroni, huko ndiko balaa linakoanzia. Wakenya hawajasahau usiku wa tarehe 1 Februari 2024 gesi ilipolipuka kule Embakasi, Nairobi, na lile lilikuwa lori la gesi, halikuwa gari linalotembelea gesi. LPG ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu ikapotea kama CNG, inatambaa chini, inajikusanya kwenye mashimo na vyumba vya chini ikingoja cheche. Ndio maana kuna nchi ambazo gari za LPG zinakatazwa kuingia baadhi ya maegesho ya chini ya ardhi.

Sasa pesa, maana ndio watu wanachotaka. Kosa la kwanza ni kulinganisha bei ya lita kwa lita. Lita ya LPG ina nguvu ndogo kuliko lita ya petroli, kwahiyo gari lililokuwa linakwenda kilomita 10 kwa lita litakwenda kama 8. Kwahiyo chukua bei ya petroli zidisha mara 0.8, kama LPG iko chini ya hapo unapata faida, kama iko juu umejidanganya. Tuseme petroli ni shilingi 180 za Kenya na LPG ni 112: petroli inakula 18 kwa kilomita, gesi 14, umeokoa shilingi 4. Kama kufunga mfumo kumekugharimu laki moja unatakiwa utembee kilomita 25,000 kuirudisha. Teksi ya kilomita 150 kwa siku inamaliza hiyo kwa miezi mitano na kitu. Wewe wa kwenda ofisini na kurudi, kilomita 20 kwa siku, ni zaidi ya miaka mitatu, labda gari ushaliuza.

Faida nyingine zipo, oili inachelewa kuwa nyeusi, moshi ni msafi zaidi, na oktani yake (kipimo cha mafuta kuvumilia kubanwa bila kujiwakia kabla ya wakati) inapita 100 kwahiyo injini haigongi. Lakini gesi ni kavu, na injini nyingine zina viti vya vali (pale vali ya injini inapokalia ikifunga) laini ambavyo vinalika taratibu mpaka vali inashindwa kufunga vizuri, kwahiyo uliza mapema kuhusu injini yako na upimishe nafasi ya vali kila baada ya muda. Pia gesi inataka cheche kali kuliko petroli. Shemeji gari lake lilianza kukohoa akipanda mlima, fundi wa kwanza kambadilishia injekta za gesi, kala hela, kikohozi kikabaki palepale. Fundi wa pili katoa plagi tu, zile za kutoa cheche, zilikuwa zimechoka, kwenye petroli zilikuwa zinavumilia, kwenye gesi zikaumbuka.

Ah na tairi ya spea. Tenki la gesi la shemeji ni la duara kama andazi, linakaa pale pale pa spea, kwahiyo spea sasa inalala kwenye buti na abiria wa airport wananung'unika masanduku hayaenei. Na usiache tenki la petroli likauke ati kwa sababu una gesi, kwenye mifumo mingi pampu ya petroli inaendelea kuzunguka hata ukiwa kwenye gesi, ikizunguka kavu inaungua.

Nilivyorudi Dar nikajaribu hesabu ya huku. Kilo 15 za LPG ni kama lita 28, na kwa nguvu ni sawa na lita 22 hivi za petroli. Nikachukua bei ya mtungi niliyolipa dukani nikagawa kwa 22, nikaiweka pembeni ya bei ya sheli, tofauti hata haitoshi kununulia soda. Nikampigia shemeji, akacheka, akasema basi wewe kapange foleni ya CNG na wenye bajaji.