Shamba ni lako, bwawa si lako peke yako

Watu husema ukijenga bwawa kwa shamba lako hiyo ni mali yako, serikali isikuulize kitu. Si kweli. Hapa Kenya, Sheria ya Maji ya 2016 inasema vyanzo vya maji viko mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi, so kuzuia maji ya mto lazima uwe na kibali. Na anayeishi chini ya tuta, ule ukuta wa udongo unaozuia maji ya bwawa, ndiye anabeba hatari, kumbukeni Solai, Nakuru, bwawa lilipasuka usiku wa 9 Mei 2018, zaidi ya watu 40 walikufa.

Tena ile ya ati miti mikubwa inashikilia tuta, hapana jamani, mti ukikauka mizizi inaoza inaacha vijishimo, maji yanapitia humo yakibeba udongo polepole. Panda nyasi. Ukiona maji ya matope yanatoka upande wa chini, usingoje asubuhi, amsha majirani.