Seli za mfuko wa uzazi kwenye kipimo cha mlango wa kizazi

Mama wa miaka 58, aliyekoma hedhi siku nyingi, anakwenda kupima pap smia, kipimo cha seli za mlango wa kizazi. Majibu yanarudi: hakuna dalili ya saratani ya mlango wa kizazi. Chini yake pana mstari mmoja mfupi unaosema seli za endometria zimeonekana. Anafurahia yale ya juu, anakunja karatasi, anarudi nyumbani. Mstari ule wa chini ndio alipaswa kuulizia.

Endometria ni utando wa ndani wa mfuko wa uzazi, ule unaojengeka kila mwezi kisha ukabomoka na kutoka kama hedhi. Brashi ya pap smia haifiki huko juu. Inakwangua mlango tu. Ila kinachoporomoka kutoka juu hupitia mlangoni, na brashi hukiokota. Kwa mwanamke anayepata hedhi, hasa siku kumi hivi za mwanzo wa mzunguko, hilo ni jambo la kawaida kabisa. Baada ya kukoma hedhi, yaani miezi 12 mfululizo bila damu, utando umesinyaa na kutulia. Hautarajiwi kumwaga kitu. Ukimwaga, lazima ijulikane kwa nini.

Chini ya hadubini seli hizi ni ndogo, zimeshikana vifundo vifundo kama kichala kilichobanwa, tofauti na seli pana na bapa za mlango wa kizazi. Maabara nyingi duniani huandika majibu kwa mfumo wa Bethesda, ulioanza Marekani mwaka 1988. Toleo la 2001 lilitaka seli hizi ziripotiwe kuanzia miaka 40. La 2014 likapandisha hadi 45. Umri unatumika kwa sababu mara nyingi mtu wa maabara hana habari kama mwenye kipimo bado anaona siku zake. Kwa hiyo muuguzi akikuuliza hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini, tafadhali mjibu kwa uangalifu, na hakikisha ameandika.

Mara nyingi chanzo si kibaya: kinyama kidogo kiitwacho polipu, au dawa za homoni. Lakini huenda pia utando umenenepa kupita kiasi, hali ambayo ikiachwa yaweza kugeuka saratani, au saratani yenyewe imeshaanza. Mwanamke mnene kupita kiasi, mwenye kisukari na anayetumia tamoksifeni kwa ajili ya saratani ya matiti wako kwenye hatari zaidi. Majibu yakisema seli za tezi, yaani zile zinazotoa ute kwenye mlango au mfuko wa uzazi, si za kawaida, uzito wake ni mkubwa kuliko seli za endometria zenye sura ya kawaida, na haifai kungoja kipimo cha mwaka ujao. Daktari wa wanawake ataangalia unene wa utando kwa ultrasaundi, na kuchukua kipande kidogo cha utando huo kwa mrija mwembamba ili kipimwe maabara.

Sasa upande wa pili, ambao unaniumiza zaidi. Kipimo safi cha mlango wa kizazi hakisafishi mfuko wa uzazi. Saratani nyingi za endometria hazionekani kwenye pap smia. Katika vituo vingi vya Tanzania na Kenya akina mama hupimwa kwa siki: mlango unapakwa, mtoa huduma anatazama kama pana weupe. Hapo hakuna seli inayookotwa, basi hata kidokezo hiki hakipatikani. Kipimo cha HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ambacho Shirika la Afya Duniani linakipendekeza, ni kizuri sana kwa mlango, lakini saratani ya endometria kwa kawaida haitokani na virusi hivyo.

Kinachoisema saratani ya endometria ni damu. Takriban wanawake 9 kati ya 10 wanaoipata baada ya kukoma hedhi walitokwa damu kwanza. Wengine husema siku zao zimerudi. Hedhi iliyokoma mwaka mzima hairudi hivi hivi. Wengi wanaotokwa damu hiyo hawana saratani, ila takriban 1 kati ya 10 anayo, na ikiwahiwa hutibika vizuri. Mama, ukiona doa, nenda ukaseme, hata likiwa moja, hata likiwa la rangi ya waridi tu, hata kama wiki iliyopita kipimo cha siki kilikuwa safi.