Presha, moyo na mwongozo wa matibabu: maswali kutoka benchi la kliniki

Haya ni baadhi ya maswali ambayo wagonjwa wa presha na moyo huuliza kliniki hapa Dodoma.

Nimepimwa mara moja nikakutwa na 150/95. Naanza dawa leo?

Mara nyingi hapana. Presha huhesabiwa kuwa ugonjwa ikiwa 140/90 au zaidi kwa vipimo vya siku tofauti, isipokuwa ikiwa juu sana, kama 180/110, au dalili zinaonyesha moyo au figo zimeshaguswa. Kabla ya yote, jiulize ulipimwaje. Mama ameshuka kwenye bodaboda kutoka Chamwino, anahema, mkanda unafungwa juu ya mkono wa sweta, miguu ameikunja, na huku anajibu maswali ya nesi. Namba hiyo itapanda hata kama hana ugonjwa. Unatakiwa ukae dakika tano umeegemea kiti, nyayo ziwe sakafuni, kibofu kiwe kitupu, mkono uwe wazi na uegemezwe usawa wa moyo, mdomo kimya, kisha upimwe zaidi ya mara moja. Foleni ikiwa ndefu hatua hizi ndizo za kwanza kurukwa, na kwangu mimi hapo ndipo mwongozo mzima unapoharibika. Sema tu: "Samahani nesi, naomba nipumzike kwanza." Hakuna atakayekukatalia.

Jirani yangu naye ana presha, mbona dawa zetu hazifanani?

Mwongozo wa Wizara ya Afya hauangalii namba peke yake. Mwenye kisukari kilichoanza kugusa figo huanzishiwa dawa kama losartan au enalapril. Mjamzito hapewi hizo kabisa kwa sababu zinamdhuru mtoto. Yeye hupewa methyldopa au nifedipine. Na ukipata kikohozi kikavu kisichoisha baada ya kuanza enalapril, usihangaike na dawa za kifua. Sema, utabadilishiwa.

Sasa presha ni 128/80. Niache dawa?

Usiache. Imeshuka kwa sababu unazimeza.

Nimeambiwa moyo hausukumi damu vizuri, nikapewa dawa za aina nne. Si nyingi mno?

Si nyingi. Moyo unaposhindwa kusukuma damu vizuri, miongozo ya siku hizi inataka makundi manne yafanye kazi pamoja, kwa mfano enalapril, bisoprolol, spironolactone na dapagliflozin, na kila moja hupunguza hatari kwa njia yake. Kinachosahaulika ni kwamba nyingi kati ya hizo huanzwa kwa dozi ndogo, kisha hupandishwa polepole huku damu ikipimwa kuangalia figo na potasiamu. Wengi hubaki na dozi ya kuanzia mwaka mzima kwa sababu hakuna aliyeuliza. Uliza wewe.

Ukiwa na mizani, jipime kila asubuhi baada ya haja ndogo, kabla ya chai. Ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku tatu, hayo ni maji, si unene, rudi kliniki. Usiyekuwa na mizani, angalia kama viatu vinabana au kama umeanza kulalia mito miwili ili upate pumzi. Na diklofenaki ya goti uliyonunua duka la dawa iache: inafanya maji na chumvi vibaki mwilini.

Daktari akienda tofauti na mwongozo, amekosea?

Si lazima. Mzee anayepata kizunguzungu akisimama apimwe presha akiwa amesimama pia, na huenda akaachiwa kiwango cha juu kidogo ili asianguke. Ila sababu iandikwe kwenye kadi, ili daktari wa Kongwa aelewe alichofanya yule wa mjini.

Na mlenda wetu?

Mlenda wenyewe hauna tatizo. Tatizo ni magadi, ambayo nayo ina sodiamu kama chumvi. Chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo kwenye chakula cha kununua. Pika bila magadi, au weka kidogo sana, na chumvi isikae mezani.