Injini ikizima, ndege haidondoki

Swali ni lile lile: "Injini ikizima angani, si mnadondoka kama jiwe?" Jamani, hapana. Anayeibeba ndege ni bawa. Cessna 172S, ndege ndogo ya injini moja, yenye uzito kamili, flapu (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) zikiwa juu na kasi ya noti 68 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa), husonga takriban maili 1.5 za baharini kwa kila futi 1,000 inazoshuka. Ukiwa futi 5,000 juu ya ardhi, hizo ni karibu kilomita 14 za kutafuta uwanja. Hesabu hiyo ni ya hewa tulivu, upepo wa mbele huila. Mimi hupunguza theluthi nzima.

Kinachoua ni mkono wa rubani. Anaona shamba liko mbali kidogo, anavuta usukani "ili tufike". Pua inapanda, kasi inashuka, ukinzani unaongezeka, na ndege inatua karibu zaidi kuliko ambavyo ingetua bila kuvutwa. Akizidi kuvuta, bawa linaacha kubeba, na sasa kweli umepata jiwe. Shusha pua, shika 68, elekea shamba. Kisha jaribu kuwasha tena: koki ya mafuta kwenye matangi yote mawili, pampu ya akiba ya mafuta, mikscha (wenzo wa mchanganyiko wa mafuta na hewa) mbele, magneto (vitoa cheche vya injini) zote mbili. Haikuwaka? Achana nayo, endelea kurusha ndege.

Sasa lile la kugeuka kurudi uwanjani injini ikizima mara tu baada ya kupaa. Wanasema ni nyuzi 180. Si kweli: ukimaliza nyuzi 180 uko kando ya barabara ya kurukia, kwa hiyo unapita hapo, kisha unarudi upande wa pili. Ukilaza bawa nyuzi 45, kasi ambayo bawa huacha kubeba hupanda kwa asilimia 19. Ukilaza 60, asilimia 41. Na unatua upepo ukiwa mgongoni: kwa noti 60 na upepo wa 10, unagusa ardhi kwa 70 badala ya 50 za kutua ukiukabili upepo, yaani nguvu ya kugonga karibu mara mbili. Mnaniuliza ni futi ngapi zinatosha kugeuka. Namba moja ya siku zote sina. Uzito, upepo na sekunde za mshangao huibadilisha. Chini ya kimo kinachotosha siku hiyo, mbele tu, hata kama mbele ni vichaka.

Ukikaribia kutua shambani, swichi kuu ya umeme izimwe baada ya flapu kushuka, maana zinatumia umeme. Milango ifunguliwe kabla ya kugusa ardhi. Fremu ikipinda, haifunguki tena.