Je, wajua kwa nini katika chesi mwenye kete nyeusi hujibu kutokea ubavuni?

Pale Katwe, Kampala, mtaa ambao dunia iliusikia kupitia Phiona Mutesi, binti aliyekulia hapo, na chesi yake, niliwahi kusimama nyuma ya mtoto aliyeshika kete nyeusi. Askari wake mmoja alikuwa amepotea, wakaweka kizibo cha soda. Mpinzani akasogeza askari wa mbele ya mfalme nyumba mbili. Mtoto hakumwiga. Alishika kile kizibo, cha tatu kutoka kulia kwake, akakisukuma nacho nyumba mbili. Huo ndio ulinzi wa Sisilia.

Kwa nini asijibu katikati? Mwenye nyeupe ndiye anayeanza, na faida hiyo si ndogo: katika mashindano makubwa, nyeupe huzoa kati ya asilimia 52 na 56 ya pointi. Ukimfuata nyayo, unabaki nyuma yake hatua ileile. Sisilia inavunja ulinganifu huo.

Tazama ubao. Kwa kawaida nyeupe hutoa farasi, kisha husukuma askari wa mbele ya malkia. Kizibo kinamla askari huyo, farasi anakila kizibo. Mmoja kwa mmoja, utasema hakuna aliyepata. Lakini nyeupe kapoteza askari wa katikati, nyeusi kapoteza wa ubavuni! Sasa nyeusi ana askari wawili wa katikati, mwenzake anaye mmoja, na pale kizibo kilipokuwa pamefunguka njia ya ngome, kete inayokwenda mstari ulionyooka. Gharama ipo: kete za nyeupe hutoka upesi na kushambulia, kwa hiyo nyeusi lazima avumilie kwanza.

Akivumilia, hutokea maajabu kama ya London mwaka 1834. Mfaransa La Bourdonnais, akiwa na nyeusi, alimkabili McDonnell wa Ireland kwa Sisilia. Katika hatua ya 36 alimtoa malkia wake. Hatua moja baadaye askari wake watatu walisimama bega kwa bega kwenye nyumba za d2, e2 na f2, kila mmoja akibakiza hatua moja afike mwisho wa ubao na kugeuka malkia. McDonnell bado alikuwa na malkia na ngome, lakini angewazuia vipi watatu kwa mpigo? Akasalimu amri. Sijaona mwisho wa mchezo unaonisisimua kuliko huo.

Mtoto wa Katwe naye alishinda siku ile, kwa ngome iliyoshuka moja kwa moja kupitia njia ya kizibo.