Dawa za kuacha sigara na ile kauli ya "sumu inatoka"

Dawa za kuacha sigara zinazoandikwa na daktari ni zipi?

Ni vidonge vinavyopunguza hamu ya nikotini kwa mtu aliyeamua kuacha kuvuta. Vinavyotumika zaidi ni vareniklini na bupropioni, ambavyo Shirika la Afya Duniani liliviingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Plasta na jojo za nikotini ni kundi jingine, na hapa sitazizungumzia.

Tangu nianze vareniklini ninachefuka na kuota ndoto za ajabu. Je, ni sumu ya sigara inayotoka mwilini?

Hapana. Nikotini huisha mwilini ndani ya siku chache tu baada ya sigara ya mwisho, na haihitaji kukutapisha ili itoke. Kichefuchefu ni athari ya dawa yenyewe, na humpata takriban mtu 1 kati ya 3 wanaoitumia. Ndiyo maana dozi huanza na miligramu 0.5 mara moja kwa siku na kupandishwa polepole katika wiki ya kwanza hadi miligramu 1 mara mbili kwa siku. Meza kidonge baada ya kula, kwa glasi nzima ya maji. Ukimeza tumbo tupu utachefuka, na wengi wanaolalamika huwa wamemeza alfajiri kabla hata ya chai. Ndoto zikikusumbua, mweleze aliyekuandikia dawa, kwa kuwa kidonge cha jioni kinaweza kusogezwa mapema au dozi ikapunguzwa.

Hasira za karibu, njaa, kukosa usingizi na unyonge hutokana na mwili kuikosa nikotini. Huwa vikali katika wiki ya kwanza, kisha hupungua kadiri wiki zinavyopita.

Ndugu yetu anayetumia bupropioni alianguka na kutetemeka mwili mzima. Wazee walisema aachwe apumzike, sumu inamtoka. Walikosea?

Walikosea, na kosa hilo linaweza kumuua. Hiyo si sumu inayotoka. Ni degedege, ambalo ndilo hatari kubwa inayojulikana ya bupropioni. Kwa dozi ya kawaida ya miligramu 300 kwa siku humpata takriban mtu 1 kati ya 1,000, na dozi inapozidi hatari hupanda haraka. Mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu karibu naye, msimtie kijiko mdomoni wala kumnywesha maji, kisha mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo pamoja na pakiti ya dawa, hata kama ameamka na anasema yuko salama. Asimeze kidonge kingine cha dawa hiyo. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu wagonjwa wa aina hii huletwa baada ya kuanguka mara ya pili au ya tatu, na kila mara maelezo ya familia ni yale yale kwamba walisubiri sumu iishe.

Kwa nini wengine hupata degedege na wengine hawapati?

Mara nyingi sababu ni taarifa iliyofichwa. Aliyewahi kuwa na kifafa hapaswi kupewa bupropioni kabisa. Lakini watu huona aibu kulitaja neno hilo mbele ya mhudumu, hasa wakiwa wamefuatana na mwenza au mkwe. Omba kuzungumza faragha, lakini sema. Sema pia kama unatumia tramado au dawa nyingine kali za maumivu, kama uliwahi kuumia kichwa vibaya, na kama unakunywa pombe kila siku, kwa kuwa mnywaji wa kila siku anayeikata pombe ghafla huku ametumia dawa hii hujiweka hatarini.

Sababu nyingine ni namna ya kumeza. Nimewahi kuonyeshwa vidonge vya bupropioni vilivyokatwa kwa wembe na kufungwa katika karatasi ya daftari, kila kipande kikiwa "nusu dozi" ya ndugu wawili waliotumiwa pakiti moja kutoka ng'ambo. Kidonge hicho kimetengenezwa kuachia dawa taratibu. Ukikikata, kukisaga au kukitafuna, dawa yote huingia mwilini kwa mkupuo. Kimezwe kizima, na kati ya kidonge na kidonge zipite angalau saa 8. Ukisahau kimoja, kiache. Usimeze viwili ili kufidia. Na dawa iliyoandikwa kwa jina la mtu mwingine si yako.

Je, ni kweli dawa hizi huwatia watu wazimu?

Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali kuhusu mabadiliko ya akili. Utafiti mkubwa uliohusisha watu zaidi ya 8,000 haukuonyesha ongezeko kubwa la madhara hayo, na onyo hilo likaondolewa mwaka 2016. Pamoja na hayo, mtu akianza kusema hataki kuishi, akifadhaika kupita kiasi au akisikia sauti, asimamishe dawa na afikishwe kituoni siku hiyo hiyo. Hapo napo si sumu inayotoka, na asiachwe peke yake. Vivyo hivyo kwa uso, midomo au ulimi unaovimba, au upele wenye malengelenge.

Ninatumia dawa za magonjwa mengine. Kuna tatizo?

Linaweza kuwapo, hata usipomeza kidonge chochote cha kuacha sigara. Moshi wa tumbaku hulifanya ini liondoe baadhi ya dawa upesi, kwa hiyo ukiacha kuvuta dawa hizo hubaki mwilini kwa wingi zaidi. Mgonjwa wa pumu anayetumia aminofilini anaweza kuanza kutapika, kutetemeka mikono na moyo kwenda mbio siku chache baada ya kuacha sigara, na huyu ndiye anayeambiwa kwa urahisi zaidi kwamba sumu inamtoka, ilhali dozi yake ya zamani sasa imekuwa kubwa mno. Anayetumia insulini, warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) au klozapini (dawa ya ugonjwa wa akili) naye apangiwe vipimo. Mjulishe daktari wako tarehe utakayoacha kabla haijafika, ili dozi ipunguzwe kwa wakati.